Kifafa Kisichosikia Dawa: Mwongozo kwa Familia ya Sangailu Kuhusu Kipimo cha Elektrodi Juu ya Ubongo

Kama mtoto wako ana kifafa, anameza dawa kila siku na bado anaanguka, huenda siku moja daktari akakutajia kipimo ambacho fuvu hufunguliwa na elektrodi kulazwa juu ya ubongo wenyewe. Ukilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza ukiwa mbele ya meza ya daktari, na uchovu wa safari ya kutoka Sangailu bado mwilini, utakubali kwa woga au utakataa kwa woga. Mwongozo huu umeandikwa ili ulisikie mapema, ukiwa nyumbani, ukiwa na nafasi ya kuuliza na kushauriana na wazee na ndugu.

Shika jambo moja tangu sasa. Watoto wengi wenye kifafa hawatahitaji kipimo hiki hata siku moja. Na yule atakayekihitaji, sehemu kubwa ya kazi ya kumfikisha huko haifanywi Nairobi. Inafanywa hapo hapo kijijini, kwa simu yako na daftari la shilingi chache.

Kwa nini wafungue fuvu?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kifafa hutokea pale kundi la chembe za ubongo linapofyatua umeme kwa pamoja bila mpangilio, na mara nyingi vurugu hiyo huanza mahali pamoja kabla ya kusambaa. Daktari anayefikiria upasuaji lazima apajue mahali hapo.

Kipimo cha kawaida cha umeme wa ubongo, EEG, huwekwa juu ya ngozi ya kichwa. Hans Berger alikuwa wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa njia hiyo, huko Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na akachapisha matokeo mwaka 1929. Kipimo hicho hakiumizi, na ndicho cha kuanza nacho. Lakini kati ya elektrodi na ubongo kuna ngozi, mfupa, utando na maji, na vyote hivyo hupunguza umeme na kuutawanya. Ukisimama nje ya boma usiku, utajua ngamia wamesumbuka lakini hutajua ni yupi aliyeanza; mpaka uingie ndani.

Kuingia ndani ndiko walikofanya Wilder Penfield na Herbert Jasper huko Montreal, Kanada, ambao kufikia miaka ya 1950 walikuwa wakiweka elektrodi juu ya ubongo ulio wazi wakati wa upasuaji. Siku hizi elektrodi hizo ni vitone vya platini vilivyopangwa ndani ya karatasi laini ya silikoni, kwa kawaida sentimita moja kutoka kitone hadi kitone. Nyingine ni ukanda mwembamba wa vitone vichache, nyingine ni karatasi pana ya safu 8 kwa 8, yaani vitone 64. Daktari huitelezesha chini ya utando mgumu unaofunika ubongo, ikalala juu ya ubongo bila kuuchoma. Ipo pia njia nyingine, ya kupitisha nyuzi nyembamba ndani ya ubongo kupitia matundu madogo ya fuvu. Hospitali nyingi za nje zinaipendelea sasa, na ukiona daktari anaitaja hiyo badala ya karatasi, usidhani amekuficha kitu.

Kipimo hiki hujibu maswali mawili. Kifafa kinaanzia wapi? Na mahali hapo panafanya kazi gani: panatembeza mkono, panasema, au pangeweza kuondolewa bila mtoto kupoteza chochote kikubwa?

Nani anakihitaji, nani hakihitaji

Madaktari husema kifafa hakisikii dawa pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kila moja kwa kipimo cha kutosha na kwa muda wa kutosha, zinaposhindwa kukizuia. Msingi wake ni huu. Katika utafiti wa Glasgow, Uskoti, uliochapishwa mwaka 2000, asilimia 47 ya wagonjwa waliokuwa hawajawahi kutibiwa waliacha kupata degedege kwa dawa ya kwanza na asilimia 13 zaidi kwa dawa ya pili. Baada ya hapo, nafasi ya dawa nyingine kufanikiwa ikawa ndogo mno. Kwa hiyo kuzungushwa miaka kumi kutoka dawa moja hadi nyingine si subira, ni kupoteza wakati wa mtoto.

Lakini kuwa mkweli kwa nafsi yako kuhusu neno "kushindwa". Kama zahanati iliishiwa na vidonge kwa wiki mbili, au mtoto alihama na mifugo na dawa zikabaki nyumbani, au alipewa nusu kidonge ili kopo lifike mwisho wa mwezi, dawa haijashindwa. Haijajaribiwa. Mweleze daktari hivyo hivyo, bila aibu. Akidhani mtoto amemeza kila siku, atamwandikia njia ndefu na ya hatari ambayo pengine haihitajiki.

Wako wengine wanaofanyiwa upasuaji bila elektrodi za juu ya ubongo: picha ya MRI imeonyesha kovu moja wazi, na EEG ya video, yaani inayopimwa huku kamera ikimrekodi mgonjwa, inaelekeza hapo hapo. Wako ambao upasuaji wa aina hii hauwafai, kwa sababu kifafa chao huanza ubongo mzima kwa wakati mmoja au kina makovu sehemu nyingi. Hao si wachache kwetu. Utafiti mkubwa wa kifafa uliofanywa katika vituo vitano Afrika, kikiwemo Kilifi, na kuchapishwa mwaka 2013, ulihusisha ugonjwa huu na matatizo ya uzazi na majeraha ya kichwa, na ubongo ulioumizwa wakati wa kuzaliwa mara nyingi huumia sehemu zaidi ya moja. Kipimo cha elektrodi ni cha waliobaki katikati: ushahidi unaonyesha kifafa kina chanzo kimoja, lakini vipimo vya nje havikubaliani ni wapi hasa, au chanzo kiko karibu na sehemu ya kusema au ya kutembeza viungo.

Kazi ya nyumbani

1. Dawa zisikatike. Chukua nyingine kabla kopo halijabakiza wiki mbili, maana mvua ikinyesha barabara ya Masalani na ya Hulugho hufungika, na gari halina ahadi. Usiache dawa ghafla hata siku moja. Degedege linaloletwa na kuacha dawa linaweza kupitiliza na kuua.

2. Ramadhani ipangwe mapema. Mwone mhudumu mwezi mmoja kabla na umuulize kama dozi zinaweza kuhamishiwa futari na daku. Nyingine zinaweza, nyingine haziwezi. Kukosa usingizi peke yake huamsha kifafa, kwa hiyo mtoto asikeshe. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na mtoto ambaye hajabaleghe hajafaradhishiwa.

3. Mrekodi video. Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote. Mtu mmoja amhudumie mtoto, mwingine ashike simu. Ondoa shuka na buibui ili mwili wote uonekane: uso, mikono yote miwili, miguu. Wakati wa usiku washeni tochi ya simu nyingine. Mwite jina lake kwa sauti, mwambie inua mkono, taja neno "ng'ombe", na mtazame kama anajibu. Usizime simu anapoacha kutetemeka. Endelea mpaka azungumze tena, kwa sababu dakika hizo za mwisho zina habari nyingi: mkono gani umelegea, ulimi umechelewa kiasi gani kurudi.

Daktari wa mishipa ya fahamu akiitazama video hiyo ataangalia kichwa kiligeukia upande gani, kona ipi ya mdomo ilivutwa kwanza, kama mtoto alitafuna tafuna au kuchezea nguo kwa vidole kabla ya kuanguka. Mkono wa kulia ukianza kutetemeka peke yake, macho ya daktari yataelekea upande wa kushoto wa ubongo. Sekunde 30 za kwanza zinamfaa kuliko maelezo ya nusu saa.

Tuma nakala kwa ndugu mmoja unayemwamini aliye Garissa au Nairobi, kwani simu hupotea. Isiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp. Mtoto huyu atakua, ataoa au kuolewa, na video hiyo si ya kutazamwa na kila mtu.

4. Andika daftari. Tarehe, saa, alikuwa amelala au macho, ilidumu dakika ngapi, alisema nini kabla. Watoto wengi husikia dalili kabla: harufu mbaya, tumbo kupanda, woga wa ghafla. Andika kwa lugha yoyote unayoiandika vizuri, Kisomali kinatosha. Kama huandiki, mpe kazi hiyo mwanafunzi wa nyumbani.

5. Tunza faili moja. Majina ya dawa zote alizowahi kunywa na kiasi chake, makopo matupu yasitupwe, kadi ya kliniki, picha za vipimo. Zifunge kwenye mfuko usioingia maji.

> SANDUKU: ANAPOANGUKA
> - Msogeze mbali na jiko la mafiga, silanga na mnyama. Tazama saa.
> - Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa.
> - Usitie chochote mdomoni: si kijiko, si maji, si dawa ya kumeza.
> - Usimshike kwa nguvu.
> - Degedege likipita dakika 5, au likija jingine kabla hajazinduka, ni dharura. Tafuta gari na kituo cha afya mara moja.
> - Asichunge peke yake, asichote maji kisimani peke yake, asipike peke yake. Moto huwalemaza watu wenye kifafa.

Njia ya rufaa

Anza kituo chako cha Sangailu, kisha hospitali ya Hulugho au Masalani, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa, na hatimaye Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Omba barua ya rufaa kila ngazi, na iseme waziwazi: kifafa, dawa zilizojaribiwa, ombi la kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu. Barua isemayo "kwa matibabu zaidi" tu itakurudisha mwanzo wa foleni.

Karatasi za kubeba:

- Kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kati ya Garissa na Nairobi kuna kilomita zipatazo 370 na vizuizi vya polisi, na mzazi asiye na karatasi hushushwa garini. Kama cheti hakipo, kianze leo kupitia kwa chifu, kinachukua muda.
- Uthibitisho wa usajili wa SHA, mfumo wa bima ya afya uliochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili unaweza kufanywa kwa simu kwa *147#, na mtoto aandikwe chini yako. Kabla ya kipimo chochote kikubwa, iulize ofisi ya SHA ya hospitali italipa nini, na idhini ipatikane kabla, si baada.
- Faili, daftari, simu yenye video, na dawa za mwezi mzima.

Kwa EEG ya kichwani, mwoshe nywele usiku uliotangulia kwa sabuni, bila mafuta yoyote, na fumua misuko. Mafuta huzuia elektrodi kushika. Pengine utaambiwa apunguze usingizi usiku huo. Dawa anywe kama kawaida isipokuwa daktari aseme vingine. Kwa binti mkubwa, omba fundi wa kike au chumba cha faragha mapema, siku ya kuandikishwa. Na kipimo kikitoka safi, usishangilie wala usikate tamaa: EEG ya kwanza hutoka safi kwa wagonjwa wengi wenye kifafa cha kweli, kwa sababu dakika 20 au 30 ni kipande kidogo sana cha siku.

Mkifika kwenye elektrodi zenyewe

Upasuaji wa kifafa si hadithi ya mbali kabisa nasi. Jirani zetu wa Uganda walishaufanya katika Hospitali ya Watoto ya CURE, Mbale, na matokeo ya wagonjwa wa kwanza yakachapishwa mwaka 2009. Ubora wa upasuaji wenyewe, kwa kifafa cha upande wa kichwa karibu na sikio, ulipimwa Kanada na kuchapishwa mwaka 2001: kati ya wagonjwa 80, nusu walipelekwa njia ya upasuaji na nusu wakaendelea na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa tena na vifafa vya kupoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na dawa.

Yatakayotokea ni haya. Mtoto hulazwa usingizi wa dawa, nywele hunyolewa zote au sehemu, kipande cha fuvu hufunguliwa, na karatasi ya elektrodi hulazwa juu ya ubongo. Waya hutoka nje kupitia ngozi na kufungwa kwa bendeji kubwa. Akiamka ataumwa kichwa, uso unaweza kuvimba, na atapewa dawa za maumivu. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni ngozi na utando.

Kisha mnasubiri kifafa kije. Hapa wazazi hushtuka: madaktari hupunguza dawa kwa makusudi. Hospitalini, mbele ya wauguzi, ni salama zaidi. Hii haikupi ruhusa ya kujaribu nyumbani. Kamera humtazama usiku na mchana, na mashine huandika kila mshindo wa umeme. Huchukua siku kadhaa, na mara nyingine wiki mbili. Kazi yako ni kubonyeza kitufe ulichopewa pale unapoona dalili ya kwanza unayoijua wewe, na kusema kwa sauti unachokiona. Wewe unaitambua sura yake kabla ya kifafa kuliko muuguzi yeyote.

Mtoto hatatoka kitandani, kwa hiyo ataswali amekaa au amelala, bila kuinama na kuvuta waya. Bendeji isiloweshwe. Kupaka juu ya bendeji wakati wa kutawadha ni jambo linalojulikana katika fiqhi. Muulize imamu wako kabla ya safari ili lisiwe mzozo wodini.

Lugha ya mtoto ni sehemu ya kipimo. Hili nalisisitiza kwa sababu familia nyingi za kwetu hazilisemi na hospitali haziulizi. Elektrodi zikiwa juu ya ubongo, daktari anaweza kupitisha umeme mdogo kwenye kitone kimoja baada ya kingine huku mtoto akitaja picha. Akinyamaza ghafla au akakosea jina, hapo ndipo penye usemi na hapakatwi. Lakini mwaka 1978 George Ojemann na Harry Whitaker walichapisha uchunguzi wa watu wenye lugha mbili, wakaonyesha kwamba baadhi ya sehemu huvuruga lugha moja na kuiacha nyingine. Mtoto wa Sangailu anazungumza Kisomali nyumbani, anasoma Kiswahili na Kiingereza shuleni, anahifadhi Qur'ani duksi. Akipimwa Kiingereza peke yake, Kisomali chake kinaweza kuumizwa na kisu bila mtu kujua.

Fanya hivi: waambie lugha zote anazotumia, na ipi aliijua kwanza. Dai mkalimani wa Kisomali, mtu mzima asiye wa familia ikiwezekana. Omba uzione picha siku moja kabla. Kama kuna kinanda au mtu wa theluji, mtoto atanyamaza kwa kutokijua kitu, na kimya hicho kitasomwa vibaya. Zibadilishwe: ngamia, birika, kibuyu, jembe, ndoo, mbuzi. Mzoeze kuzitaja mapema, na majibu yake ya kawaida yaandikwe.

> SANDUKU: MASWALI KABLA YA KUTIA SAHIHI
> 1. MRI na EEG ya video zimeonyesha nini, na kwa nini hazitoshi?
> 2. Mnafanya hapa, au mnapeleka wapi? Timu hiyo imefanya wangapi?
> 3. Mkipata mahali, mtaondoa katika upasuaji wa kutoa elektrodi, au siku nyingine?
> 4. Msipopata, nini kitafuata?
> 5. Hatari za maambukizi, kuvuja damu, kuvuja maji ya ubongo, uvimbe, kudhoofika kwa mkono au usemi ni kiasi gani kwa mtoto huyu?
> 6. Bei yote ni ngapi, pamoja na siku za ziada wodini?

Jibu la swali la nne ni zito. Mtoto anaweza kufunguliwa fuvu, akapimwa wiki nzima, na ikaonekana hakuna cha kuondoa salama. Familia ikubaliane juu ya hilo kabla, si siku ya majibu. Na kama kuna mtu anayekuuzia safari ya India kwa simu, akitaja upasuaji kabla hajaona MRI wala video, achana naye. Peleka kwanza karatasi kwa daktari wako wa Nairobi.

Makosa yanayorudiwa

- Kuuza ngamia wote kwa safari ya kwanza. Safari ya kwanza ni ya kuonwa na kupimwa nje tu.
- Kuficha kwamba mtoto alipelekwa kwa mganga au alipewa mitishamba. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa.
- Kukubali dawa ya valproate kwa binti anayekaribia kuolewa bila kuuliza. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Uliza mbadala, lakini usiiache mwenyewe.
- Kumtoa shule akisubiri. Kusubiri kunaweza kuwa miaka.

Baada ya elektrodi kutolewa

Usipande gari la Garissa siku ya kuruhusiwa. Panga mapema kukaa kwa ndugu Eastleigh au karibu na hospitali mpaka nyuzi zitolewe na kidonda kikaguliwe. Rudini hospitalini siku hiyo hiyo mkiona homa, usaha, maji yasiyo na rangi yakitiririka kwenye kidonda au puani, kutapika kusikoisha, usingizi usio wa kawaida, au mkono kulegea upya. Kidonda kisipakwe samli, majivu wala dawa ya mitishamba. Beba nakala ya ripoti ya upasuaji na uipeleke kituo cha Sangailu, ili mhudumu ajue kilichofanyika.

Dawa zinaendelea hata kama kifafa kimekoma. Kwa kawaida ni mwaka mmoja au miwili kabla daktari hajaanza kuzipunguza, kidogo kidogo, na daftari la vifafa liendelee kuandikwa kipindi chote hicho, hata kama kurasa zinabaki tupu.